Saa janja: Je, zafaa kuvaliwa kila siku katika Pwani ya Kusini?

KATIKA maduka ya simu mjini Ukunda, si ajabu siku hizi kuona saa za mkononi zenye skrini ya kugusa zimepangwa kando ya chaja na vifuniko vya simu. Wauzaji wengi huziita "smati wochi". Katika Kiswahili sanifu zimepata jina la saa janja, ingawa wapo wanaopendelea kuziita saa mahiri. Bei yake huanzia shilingi elfu chache na kupanda hadi zaidi ya laki moja. Kwa mhudumu wa hoteli ya Diani, mwalimu wa Msambweni au mwendeshaji bodaboda wa Lungalunga, hata ile ya bei ya chini ni fedha ambazo zingeweza kupunguza deni la karo au kujaza debe la unga. Kwa hivyo, swali la iwapo saa hizi zinafaa kuvaliwa kila siku si la wapenda mitindo peke yao.

Jibu lake, kwa ufupi, ni kwamba saa janja huwafaa baadhi ya watu na baadhi ya kazi, mradi mnunuzi ajue mapema kile inachoweza kupima na kile isichoweza. Hasara ya fedha ni jambo moja. Hasara kubwa zaidi ni ya mtu mwenye maradhi kuiamini saa yake katika jambo ambalo haikuundwa kulijua.

Saa janja ni nini?

Saa janja ni tarakilishi ndogo inayovaliwa kifundoni. Ina skrini, betri ya kuchajiwa na vihisi vya kutambua mwendo wa mkono na mapigo ya moyo. Nyingi huunganishwa na simu ya mwenyewe kwa mawimbi ya Bluetooth, ambayo kwa kawaida hufika takriban mita 10. Simu ikiwa karibu, saa huonyesha ujumbe ulioingia, jina la anayepiga, na hata taarifa ya M-Pesa kwamba fedha zimepokewa. Simu ikiachwa nyumbani, huduma hizo hukatika, isipokuwa kwa saa chache za bei kubwa zenye laini yake zenyewe.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka wa 1972 kampuni ya Hamilton ya Marekani ilianza kuuza Pulsar, saa ya mkononi iliyoonyesha wakati kwa tarakimu zinazowaka badala ya mishale. Katika miaka ya 1980, kampuni za Japani kama Casio na Seiko zilitengeneza saa zenye kikokotoo na zile za kuhifadhi nambari za simu. Mnamo 2004, saa zilizotumia teknolojia ya Microsoft iliyoitwa SPOT zilianza kuuzwa Marekani. Zilipokea habari na hali ya hewa kwa mawimbi ya redio, lakini hazikupata wanunuzi wa kutosha na huduma hiyo ikafungwa.

Mwamko halisi ulikuja mwaka wa 2012, wakati waasisi wa saa ya Pebble walipochangiwa na umma zaidi ya dola milioni 10 kupitia mtandao wa Kickstarter. Samsung ilifuata na Galaxy Gear mwaka wa 2013, na Apple Watch ikaanza kuuzwa Aprili 2015. Tangu hapo soko limejaa aina nyingi, zikiwemo za Huawei, Xiaomi, Amazfit, Garmin na Fitbit, pamoja na za bandia zinazoiga umbo la zile zenye majina.

Maji ya chumvi na jasho

Anayeishi kati ya Tiwi na Vanga hukutana na maji kila siku: maji ya bahari, mvua ya masika, jasho la mchana na maji ya udhu. Ndiyo maana sifa ya kwanza ya kuchunguzwa ni uwezo wa saa kuzuia maji, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotoshwa na maandishi ya kisanduku.

Saa iliyoandikwa "5 ATM" au "mita 50" haimaanishi kwamba mwenye kuivaa anaweza kuzamia kina cha mita 50. Kipimo hicho hufanywa katika maabara, saa ikiwa mpya na maji yakiwa yametulia. Mtu anapopiga mbizi au kurusha mkono kwa nguvu ndani ya maji, hali huwa tofauti na ile ya maabara. Saa ya kiwango hicho inatosha kuogelea ndani ya ukingo wa mwamba wa Diani, ambako maji ni ya kina kifupi. Haitoshi kwa mzamiaji wa Kisite-Mpunguti. Saa za kuzamia zina kiwango chake cha kimataifa, ISO 6425, kinachodai uwezo wa angalau mita 100. Miongoni mwa saa janja, chache mno zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Apple Watch Ultra ya mwaka wa 2022, kwa mfano, iliidhinishwa na watengenezaji wake kwa uzamiaji wa burudani hadi mita 40.

Zile zilizoandikwa "IP67" au "IP68" pekee, ambazo ni nyingi katika daraja la bei nafuu, zimepimwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kwa muda maalumu. Alama hiyo haikuahidi lolote kuhusu Bahari ya Hindi. Chumvi ikikauka hujipenyeza kwenye vitufe na kwenye pini za chuma za kuchajia, kisha kutu huanza. Sabuni na maji ya moto nayo huchakaza mipira midogo inayozuia maji yasiingie. Dawa yake ni rahisi: saa isuuzwe kwa maji ya kisima au ya mfereji kila itokapo baharini, na ikaushwe kabla ya kuwekwa kwenye chaja.

Kwa Mwislamu, udhu huleta jambo jingine. Maji sharti yafike kwenye ngozi iliyo chini ya mkanda, kwa hivyo saa iliyobana husogezwa au kuvuliwa kila anapotawadha. Mkanda wenye bizimu ngumu utamchosha mtu kabla ya juma kwisha. Ule wa kufungua kwa mkono mmoja ni afadhali. Faida iliyomo ni kwamba ngozi hupata kuoshwa na kupumua. Wengi wanaopata harara chini ya mkanda wa mpira hawadhuriki na mpira wenyewe, bali na jasho na sabuni vilivyofungiwa hapo kutwa.

Joto nalo lina mpaka wake. Apple imeeleza kuwa saa zake za kawaida hufanya kazi katika hewa ya nyuzi 0 hadi 35 za selsiasi. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, hali ya hewa ya ukanda huu hukaribia kikomo hicho kivulini, na hukipita kwa urahisi juu ya mchanga au ndani ya gari lililoegeshwa juani. Saa iliyoachwa juu ya taulo ufukoni huharibika betri upesi kuliko ile iliyo mkononi.

Betri na umeme

Saa ya Casio F-91W, iliyotoka mwaka wa 1989 na ambayo bado inauzwa, huenda takriban miaka 7 kwa betri moja ndogo. Apple Watch ya kawaida kwa miaka mingi ilipewa na watengenezaji wake makadirio ya saa 18 za matumizi. Kati ya ncha hizo mbili zipo saa za mkanda mwembamba na nyingine zenye programu nyepesi zinazokaa juma moja au mawili bila kuchajiwa.

Tofauti hii ina uzito Kwale, kaunti iliyokuwa na watu 866,820 kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2019. Aliye hotelini Diani ana soketi karibu na jenereta nyuma ya jengo. Aliye Kinango au Samburu, anayetegemea paneli ndogo ya sola kwa taa na simu, anaongeza mzigo mwingine juu ya umeme huo. Saa ya kuchajiwa kila usiku itakufa siku ya kwanza ya hitilafu ya umeme, na ikishakufa haionyeshi hata wakati. Kwa mtu wa namna hiyo, saa inayokaa siku 10 ni bora kuliko ile yenye mambo mengi inayokaa siku moja.

Betri yenyewe huzeeka. Saa ya kawaida ikizimika, fundi wa saa huifungua, hutia betri mpya na kumrudishia mwenyewe papo hapo. Saa janja nyingi zimefungwa kwa gundi. Kuifungua ni kuvunja kinga yake dhidi ya maji, na vipuri vya chapa nyingi havipatikani kwa urahisi nje ya miji mikubwa. Mnunuzi ni vyema ahesabu kwamba ananunua kifaa cha miaka michache, si saa ya kumrithisha mwanawe.

Wakati wa Waswahili na wakati wa saa

Saa janja hutoka kiwandani zikihesabu siku kuanzia usiku wa manane. Mswahili huhesabu kuanzia alfajiri, hivyo kioo kinapoandika 7:00 yeye husoma saa moja. Hesabu yetu ina mantiki yake hapa. Diani iko nyuzi 4 na ushei kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu na fupi ya mwaka ni takriban nusu saa tu. Jua huchomoza na kuchwa karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima.

Kwa saa ya mishale hakuna taabu: mtu huusoma mshale na kuutazama upande wa pili wa uso wa saa. Saa ya tarakimu humlazimisha kujumlisha au kutoa sita. Hata hivyo, saa nyingi huruhusu kuonyesha wakati wa mji wa pili. Mji wa São Paulo, Brazil, uko nyuma ya Kenya kwa saa 6 kamili mwaka mzima, tangu nchi hiyo ilipoacha kubadilisha saa zake mwaka wa 2019. Anayeuweka mji huo kama wa pili atauona wakati wa Kiswahili ukiwa umeandikwa, bila kuvuruga kengele na miadi yake.

Kuhusu swala, zipo programu zinazotoa nyakati tano na kuonyesha upande wa Kibla. Nyakati hizo ni msaada kwa aliye mbali na msikiti, kama mlinzi wa usiku au dereva wa masafa. Kibla chenyewe hakihitaji dira kubwa katika pwani hii. Makka iko karibu kabisa katika longitudo moja na Diani, kwa hivyo anayeelekea kaskazini ameelekea Kibla, na waliojenga misikiti ya kale ya ukanda huu walilijua hilo bila setilaiti. Kinachofaa zaidi ni mtetemo wa kimyakimya: simu haitalia katikati ya swala, na mwezi wa Ramadhani mtu ataamshwa kwa daku bila kuwaamsha watoto.

Vivyo hivyo kwa maji kupwa na kujaa. Bahari ya hapa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji ya kupwa katika eneo la Mombasa hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu hupungua sana. Zipo saa zinazoonyesha hesabu hizi, na humfaa mgeni, mwalimu wa kuogelea au anayewapeleka watalii kwenye mwamba kwa miguu. Mvuvi wa Gazi au Shimoni anazijua kwa mwezi na kwa mazoea. Kinachoweza kumwongezea yeye ni uwezo wa kuhifadhi mahali pa mtego kwa setilaiti. Lakini asiichukue saa kuwa kifaa cha kuokoa maisha: nje ya mwamba ambako mtandao wa simu haufiki, saa ya kawaida haiwezi kumwitia msaada.

Afya: penye faida na penye hatari

Sababu inayotajwa zaidi ya kununua saa janja ni afya. Nyuma ya saa kuna taa ndogo, aghalabu za kijani, zinazomulika ngozi na kupima jinsi damu inavyopita. Kutokana na hilo, saa hukadiria mapigo ya moyo. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika, na katika kipimo hiki saa za kampuni zinazojulikana hufanya kazi vyema mtu akiwa ameketi. Mkono ukisukasuka, au mkanda ukilegea, makosa huongezeka. Wino na michoro juu ya ngozi pia huweza kuzuia mwanga, hivyo bibi harusi aliyepakwa piko hadi kifundoni asishangae saa ikinyamaza.

Yapo mafanikio ya kweli. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka wa 2019 uliwafuata zaidi ya watu 419,000 waliovaa Apple Watch. Waliopewa onyo la mapigo yasiyo na mpangilio walikuwa takriban nusu ya asilimia moja. Miongoni mwa waliovalishwa kipimo cha ziada baadaye, onyo la saa lililinganishwa na kipimo hicho na likapatana nacho katika asilimia 84 ya matukio. Huo ni msaada wa kumpeleka mtu kwa daktari, si wa kuchukua nafasi yake.

Hatari iko kwenye vipimo viwili ambavyo ndivyo hasa wengi wangependa kuwa navyo. Cha kwanza ni kisukari. Februari 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari ya damu peke yake bila kutoboa ngozi. Saa zenye madai hayo bado huuzwa mitandaoni. Namba inayotokea kwenye kioo ni ya kukisia, na mgonjwa anayeongeza au kupunguza insulini kwa kuifuata anaweza kuzirai au kufa.

Cha pili ni shinikizo la damu, ugonjwa ambao humpata takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya na mara nyingi hauna dalili. Saa nyingi za bei nafuu huonyesha namba za shinikizo baada ya sekunde chache. Samsung, ambayo ni miongoni mwa kampuni zilizopiga hatua katika jambo hili, humtaka mwenye saa kuirekebisha kila baada ya siku 28 kwa kutumia mashine ya kawaida ya mkanda wa hewa. Ikiwa kampuni kubwa inahitaji mashine hiyo kuisahihisha saa yake, namba za saa isiyosahihishwa kamwe hazistahili kuaminiwa. Mashine ya mkanda wa juu ya kiwiko mara nyingi haigharimu zaidi ya saa janja ya wastani, na vipimo hivyo hufanywa katika zahanati na katika Hospitali ya Rufaa ya Msambweni.

Kipimo cha hewa ya oksijeni nacho kichukuliwe kwa tahadhari. Utafiti uliochapishwa Desemba 2020 katika jarida la New England Journal of Medicine ulionyesha kuwa vifaa vya hospitali vya kubana kidoleni vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Mwanga hufyonzwa na rangi ya ngozi. Ikiwa kifaa cha hospitali kilipata shida hiyo, saa ya kifundoni haiwezi kuaminiwa zaidi.

Kuhusu hatua, lengo maarufu la hatua 10,000 halikutokana na maabara. Lilianza Japani katikati ya miaka ya 1960, kama jina la kuuzia kifaa cha kuhesabia hatua. Utafiti wa Marekani wa mwaka wa 2019 juu ya wanawake wazee 16,741 ulionyesha kuwa hata hatua 4,400 kwa siku zilihusiana na vifo vichache, na manufaa yalifikia kikomo karibu na hatua 7,500. Isitoshe, saa huhesabu mwendo wa mkono, si wa mguu. Anayesukuma mkokoteni wa mitungi ya maji huweza kukosa kuhesabiwa kwa kuwa mikono yake imetulia, huku anayekuna nazi juu ya mbuzi akiongezewa hatua akiwa ameketi.

Kazini na barabarani

Faida iliyo wazi kazini ni kwa yule ambaye mikono yake ina shughuli au ambaye haruhusiwi kutoa simu mbele ya wageni. Mhudumu wa hoteli hutambua kwa mtetemo kuwa anaitwa na jikoni. Mwongozaji wa watalii huacha simu ndani ya mfuko usiopenya maji na bado akajua nani anamtafuta. Mwalimu huona wakati wa kipindi bila kuonekana anachezea simu darasani.

Kwa mwendeshaji bodaboda hali ni kinyume. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 28 katika sekunde mbili za kutazama kifundo cha mkono. Katika barabara ya kutoka Likoni kwenda Lungalunga, yenye malori na watoto wa shule pembezoni, hiyo ni masafa ya kutosha kuua. Anayeivaa kazini afunge taarifa zote isipokuwa simu zinazopigwa, na asimame kabla ya kusoma. Naye muuguzi, fundi wa umeme na mpishi wa mikate wana sababu zao za kuivua: usafi, usalama na unga.

Je, inapendeza?

Urembo hauna sheria moja, ila ukanda huu una mazoea yake. Saa kwa muda mrefu imekuwa ishara ya utu uzima, ajira au safari iliyozaa matunda. Bangili ya dhahabu na saa nyembamba ni pambo la mwanamke harusini, na mwanamume anayefuata mafundisho ya Uislamu huepuka dhahabu. Saa janja nyingi ni za alumini, chuma au plastiki, kwa hivyo hazina tatizo hilo. Tatizo ni umbo. Skrini ya kuzimika hubaki kama kibao cheusi mkononi, na saa ya milimita 45 au zaidi huzidi upana wa kifundo chembamba na kukwama kwenye mkono wa kanzu au wa buibui.

Wanaopenda saa zao hubadilisha mikanda: ya kitambaa kwa kazi, ya chuma au ngozi kwa shughuli, ya mpira kwa bahari. Mkanda wa ngozi usipelekwe baharini wala usiachwe na jasho, kwani huoza na kunuka. Kwa wanaofanya kazi juani, skrini inayoakisi mwanga, kama ile ya baadhi ya saa za Garmin, husomeka vyema zaidi mchana kuliko ile inayowaka kwa nguvu yake yenyewe. Uzuri wa dukani, chini ya taa, si uzuri wa ufukoni saa sita za mchana.

Siri na uhai wa kampuni

Saa janja hujua mwenyewe analala saa ngapi, anapita wapi na moyo wake unadunda vipi. Habari hizo huhifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni. Januari 2018 iligundulika kuwa ramani ya mtandao wa Strava, iliyochorwa kutokana na mbio za watu wenye vifaa vya mkononi, ilifichua mipaka ya kambi za kijeshi. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 huhesabu habari za afya kuwa nyeti, na humpa mwenyewe haki ya kujua zinatumiwaje na kuomba zifutwe. Kudai haki hiyo ni vigumu ikiwa saa ni ya chapa isiyo na anwani na programu yake inataka kusoma majina yote ya simu yako.

Pia kampuni hufa. Pebble, iliyotajwa hapo juu, ilifungwa Desemba 2016, na mitambo yake ikazimwa katikati ya 2018. Saa zake hazikuvunjika, ila sehemu ya huduma zake zilipotea siku hiyo. Saa ya mishale haijui kama aliyeitengeneza bado yu hai.

Kabla ya kulipa

Anayekusudia kununua na ajiulize kwanza ni kazi gani moja anayotaka saa imfanyie. Kama ni kujua wakati tu, saa ya kawaida ni rahisi, hudumu na haichajiwi. Kama ni mazoezi, kuogelea au kutokosa simu kazini, na achague yenye angalau 5 ATM, betri ya juma moja au zaidi, na mkanda unaobadilishwa. Aijaribu juani, nje ya duka. Athibitishe kwamba inakubaliana na simu aliyo nayo, kwani Apple Watch, kwa mfano, huhitaji iPhone. Aulize iwapo huduma za afya zilizotangazwa zimefunguliwa Kenya, maana nyingine huidhinishwa nchi moja moja. Adai risiti na dhamana iliyoandikwa.

Na kama anainunua kwa ajili ya mama au baba mwenye kisukari au shinikizo la damu, na aanze na mashine ya mkanda wa mkono na kifaa cha kupima sukari kwa tone la damu, pamoja na nauli ya kwenda kliniki. Zikibaki fedha, saa itakuwa zawadi nzuri ya kuwakumbusha wakati wa kumeza dawa. Kazi hiyo inaiweza barabara.